Siku Mtaa Mzima Ulipogeuka Nyuma kwa Amri Yangu

Kariakoo, Jumatano. Masika, siku ya tatu mfululizo, na mawingu bado hayajatosheka. Nina matope mpaka masikioni na mgongo unaniuma, lakini moyo umetulia kuliko siku nyingi.

Nianze na asubuhi, maana asubuhi tuligombana.

Haukuwa ugomvi mkubwa. Niliamka kabla ya adhana kama kawaida yangu, nikakunja shuka pembe kwa pembe mpaka likawa kama kitabu. Tatizo ni kwamba Zuhura alikuwa bado amelala, amejifunika shuka hilohilo.

"Rajabu," akasema, akiwa amekaa kitandani anatetemeka, "mimi niliolewa na fundi cherehani. Sikuolewa na kambi."

Miaka minne nilikuwa katika kikosi cha vijana pale shuleni: kaptura ya kaki, soksi za kupanda mpaka magotini, gwaride kila Jumatatu na Alhamisi chini ya filimbi ya Mwalimu Kombo. Nimemaliza shule miaka mitano iliyopita. Kaptura ilishakuwa matambara ya kufutia cherehani, lakini mwili wangu haujapata habari.

Naandika haya kwa sababu Mwalimu ndiye aliyetuzoesha: kila jioni, kabla ya isha, andika ulichofanya na usichofanya. Wenzangu wote waliacha. Mimi hata kuacha sijui.

Na hilo ndilo dogo. Siwezi kuanza safari kwa mguu wa kulia. Zuhura akitembea nami kwenda kwa mama yake Ilala, anajikuta naye amekamata hatua yangu, kushoto, kulia, mpaka watu barazani wanatuchekea, naye ananifinya. Garimoshi likipiga honi kule stesheni, naacha sindano na kusimama wima kabla sijajua nimefanya nini. Mfukoni sikosi kamba, nikienda sokoni au msibani.

Siku ya ndoa yetu shehe alitaja jina langu kwa upole, Rajabu bin Mwinyi, nami nikaruka juu nikapiga kelele, "Hapa!" Shehe aliangusha miwani. Mjomba wake Zuhura alicheka mpaka akatolewa nje kupumzika.

Halafu yale ya msikitini. Ijumaa moja nilifika mapema, nikaona viatu mlangoni vimetupwa ovyo. Roho haikukubali. Nikavipanga mistari mitatu, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Swala ilipoisha hakuna aliyejua chake kiko wapi, na Mzee Awadhi akarudi nyumbani kwake, mtaa wa Mchafukoge, na makubadhi mawili ya mguu wa kushoto.

Mzee Awadhi ndiye mwenye duka la nguo ninaloweka cherehani yangu barazani. Babu yake alitoka Hadhramaut, yeye kazaliwa hapahapa, na ulimi wake ni wa hapahapa. Tangu siku ile ananiita askari wa sindano. Mteja akija, anamwambia, "Mpe vipimo vyako huyu, lakini usimgeuzie mgongo, atakuamuru utembee."

Kwa hiyo asubuhi hii, mbele ya shuka lile, nilimwahidi Zuhura kuwa naacha. Nianze leo hii: nitembee kama watu, nikae kama watu, niitike kama watu. Nikatoka mlangoni kwa mguu wa kulia, nikajikwaa.

Niseme ukweli wangu hapa, kwani hakuna atakayeusoma. Nilikuwa naona haya. Si kwa ajili ya shuka tu. Mwaka juzi Mwalimu Kombo alipita sokoni, anachechemea kama kawaida yake, mgongo umenyooka, kofia imesimama sawasawa. Vijana waliokuwa na mimi wakaanza kuiga mwendo wake. Mimi nikajificha nyuma ya majora ya kitambaa mpaka alipopita. Mtu aliyenifundisha kusoma ramani, kufunga jeraha na kusema kweli.

Basi.

Ilikuwa kama saa nne. Mvua ilikuwa imepungua kidogo, nami namalizia vifungo vya koti la pili kati ya makoti mawili ya wateja. Zuhura alikuwa ameniletea uji, bado amenuna. Tukasikia mlio kama gunia zito limeangushwa toka juu. Kisha kimya. Kisha kelele za wanawake.

Kiambaza cha nyumba ya Bi Kidawa kilikuwa kimeanguka. Bi Kidawa ni mjane, jirani wa nyumba ya tatu kutoka dukani, anayewauzia mtaa mzima vitumbua tangu enzi za Mjerumani. Ukuta wake wa upande ulikuwa umelewa maji siku tatu. Ulimwangukia akiwa ndani, na paa la makuti likamlalia juu ya ukuta.

Tulipofika tulikuta watu wapata ishirini, na kila mmoja ana shauri lake. Watatu wamepanda juu ya paa wanarusha makuti. Wawili wameona mkono umetokeza kwenye udongo, wanauvuta. Boriti moja ilikuwa imeegemea kipande cha ukuta kilichobaki, na kila walipovuta, boriti ilishuka kidogo. Nililiona hilo. Wengine hawakuliona.

Nilitaka kusema, "Jamani, ngojeni." Nilichokisikia kikitoka kinywani mwangu ni hiki:

"Kikosi! Simama!"

Haikuwa sauti yangu. Ilikuwa ya Mwalimu Kombo, toka tumboni, na iliwapiga wote kama maji ya baridi. Waliokuwa wakivuta wakaacha. Waliokuwa juu ya paa wakaganda, makuti mikononi. Mzee Awadhi, aliyekuwa anakuja mbio huku ameshika kanzu yake, alisimama na mguu mmoja hewani.

"Shukeni juu ya paa, mnamkandamiza. Huku, mstari mmoja. Hesabu!"

Kwa nini niliwaambia wahesabu, sijui. Ndivyo inavyofuata. Hamali mmoja mrefu, Mabruki, akasema, "Moja!" Muuza samaki aliyekuwa bado na kapu kichwani akasema, "Mbili!" Wakaendelea mpaka kumi na nane. Kumi na nane alikuwa Mzee Awadhi.

Wenye namba za mwanzo niliwapa boriti, waishike mabegani wasiiachie hata waumwe na siafu. Waliobaki wakapanga mstari wa kutoa udongo kwa mikono, kutoka juu kwenda chini, bonge kwa bonge, anapokea huyu, anapitisha kwa yule. Hakuna aliyebishana. Nilishangaa. Watu wa Kariakoo hawakubaliani hata juu ya bei ya nazi.

Chini ya paa palibaki uwazi mdogo. Mimi mabega yangu hayakupita. Kabla sijafikiri tena, Zuhura alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni na kuingia kwa tumbo.

Nilimwita arudi. Nilisimama pale na amri zangu zote, na hata moja haikumrudisha. Kama boriti ingeteleza, ningewapoteza wote wawili, na neno la mwisho kati yangu na mke wangu lingekuwa juu ya shuka.

Kisha ikatoka sauti kwenye udongo, kavu, ya hasira:

"Nani huyo anayepiga kelele juu ya kichwa changu?"

"Ni mimi, Bi Kidawa. Rajabu. Shikamoo."

"Marahaba. Mguu wangu umevunjika. Usininyanyue."

"Tutakutoa polepole, Bi."

"Nimesema usininyanyue. Sina ushungi. Kanga yangu imebaki udongoni, na hapo nje nawasikia wanaume tu. Sitoki kichwa wazi mbele ya wanaume hata nikifa."

Muuza samaki akasema, "Bi mkubwa, huu ni wakati wa—" Nikamkatiza. Mwalimu Kombo alikuwa akituambia kwamba majeruhi ndiye mwenye cheo kikubwa kuliko wote uwanjani.

"Kikosi," nikasema, na safari hii sauti ilikuwa yangu, "nyuma geuka!"

Wakageuka. Mahamali, wauza samaki, fundi baiskeli, Mzee Awadhi na ndevu zake nyeupe, wote wakaupa ukuta mgongo na kutazama barabara, kwenye mvua. Hata wale wenye boriti mabegani walifumba macho. Mimi mwenyewe niligeuka. Hakuna aliyecheka. Nyuma yetu nilimsikia Zuhura akifungua kanga aliyojitanda, ile ya pili ya doti lake, akamfunika Bi Kidawa kichwa na kifua, akamwambia maneno ya chinichini ambayo hayakuwa yetu.

Kisha akaita, "Tayari."

Tulimtoa, mdogo alivyo, kama mtu anavyotoa yai chini ya kuku. Mguu wa kulia ulikuwa umekaa vibaya chini ya goti. Nilipouona niligeuza uso. Nakiri. Nikahesabu mpaka tano, kisha nikaanza kazi. Fito mbili za ukuta wake mwenyewe, moja kila upande. Kamba yangu ya mfukoni ingemkata, nacho kitambaa cha kufungia nilichokuwa nacho kilikuwa kidogo.

"Kitambaa cha marekani!" nikapiga kelele. Kumbe Mzee Awadhi alikuwa ameshakimbia dukani na kurudi na jora jipya ambalo halijakatwa. Mkasi aliusahau. Akaushika upindo kwa meno, akapasua kipande kirefu, kisha kingine, akanipa mkononi.

Machela tuliitengeneza kwa miti miwili ya kubebea mizigo ya akina Mabruki na yale makoti mawili ya wateja. Unaingiza mikono ya koti ndani, unapitisha miti humo, unafunga vifungo. Vile vya koti la pili nilikuwa nimevimaliza punde tu kabla ukuta haujaanguka.

Tukambeba, sisi watu wanne. Na hapa nilikumbuka kitu. Ukibeba majeruhi hutakiwi kwenda hatua moja na wenzako, maana machela inaruka na mfupa unasagika. Mwalimu alitufundisha hivyo, na yeye hakukisoma popote. Alikuwa mpagazi katika vita vile vya Mwingereza na Mjerumani. Alibeba watu porini miezi na miezi, na mguu wake uliharibikia huko. Kwa hiyo kutoka Kariakoo mpaka hospitali nilitembea nikiukataza mguu wangu wa kushoto kufanya unachokipenda. Jasho lilinitoka kwa hilo kuliko kwa uzito. Bi Kidawa hakulia hata mara moja. Alituuliza tu nani amezima jiko lake.

Hospitalini dresa, mfunga vidonda, aliufunua mguu kidogo, akautazama, akaufunika tena.

"Nani amefunga hapa?"

Nikadhani nimekosea. Nikanyoosha mkono.

"Basi tusiuguse mpaka daktari aje," akawaambia wenzake. "Huyu amefundishwa."

Nilitoka nje nikasimama chini ya upenu peke yangu. Nililia kidogo. Nalo naliandika.

Niliporudi dukani nilimkuta Mzee Awadhi amekaa kwenye kiti changu cha cherehani, kanzu imejaa tope. Nilikuwa tayari kwa mzaha wake. Akaniuliza, "Mwalimu wako yuko wapi siku hizi?"

"Amerudi kwao, Rufiji."

"Mwandikie. Mwambie mimi nilikuwa namba kumi na nane."

Nitamwandikia. Nimeshachana karatasi mbili. Kusimulia habari ya leo ni rahisi. Kinachonishinda ni ile siku ya majora, na barua isiyokuwa na hilo sitaki kuituma. Alitembea kilema mbele ya watoto wa mjini miaka yote ile, akatufundisha kufunga mifupa ya watu ambao hatujawajua bado, na hakutuambia hata siku moja kwamba ni jambo kubwa. Sijui mtu anapata wapi subira ya namna hiyo.

Na Zuhura. Juu ya Zuhura sijui niandike nini. Aliingia pale kwa tumbo kama mtu anayeingia uvunguni kutafuta kijiko.

Baada ya magharibi alikuja kukaa karibu yangu na kipande cha marekani kilichobaki.

"Nionyeshe lile fundo la mguu wa Bi Kidawa," akasema.

Nikamwonyesha. Akajaribu juu ya mkono wangu wa kushoto na mwiko wa ugali badala ya fito, mara ya kwanza likalegea, mara ya pili likapinda. Mara ya tatu lilikaa vizuri kuliko langu. Nikamwambia hivyo. Akasema anajua.

"Mchana nyinyi mko makazini," akasema. "Kuta zikianguka mchana, tunaobaki ni sisi. Nimeshawaambia wanawake wanne waje hapa ukumbini kesho baada ya alasiri. Utatufundisha na machela."

"Na amri?"

"Amri nitatoa mimi."

Sasa yuko uani anapakua chakula, nami naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto bado umefungwa na mwiko wake. Nimelivuta lile fundo mara mbili, halifunguki, na mwiko wenyewe anautafuta.