Wilbaro ya Mkwe

Jumapili, tarehe 14 Aprili

Nimekama. Chai iko jikoni. Kabla sijanywa nahesabu watu wangu, kama kila asubuhi. Baba Kemunto mzima, mgongo tu. Binti yangu mdogo Bosibori mzima, kikohozi kimeisha. Kaka yake Nyakundi mzima, bado anakoroma. Ng'ombe mzima, na ndama. Nikifika kwa Kemunto nakwama.

Binti yangu wa kwanza yuko mbali, kijiji cha kando ya ziwa, kwa mume wake Ouma. Mimba ya kwanza. Imeshuka chini. Mama ya Ouma alishaaga dunia. Siku ikifika, nani atamshika mtoto wangu mgongo?

Nimeamua. Naenda.

Baba Kemunto ameuliza, "Na utalala wapi, wewe na ensoni yako?" Hapo amenikamata. Ensoni ni heshima yetu. Mimi na mkwe hatushikani mikono, hatutazamani usoni, na siwezi kulala kwake. Siku alipoleta ng'ombe wa mahari nilitazama chini. Sura yake siijui. Najua viatu vyake.

Jumanne, tarehe 16 Aprili

Nimefika na ndizi, wimbi na chinsaga, mboga yetu ile chungu. Kemunto amejaa uso. Nimelia kidogo, nimecheka sana.

Nimepata pa kulala kwa Penina, mama wa kanisa. Nyumba moja ndefu, vyumba vimepangana kama treni. Wazungu waliwajengea wachimba shaba zamani. Wazungu walienda, vyumba vikabaki. Kati ya hapa na kwa Kemunto ni machimbo matupu. Kuta bila paa. Vyuma vimeshika kutu. Mashimo.

Baba yangu alichimba hapa kabla sijazaliwa. Tukikataa kwenda mtoni alikuwa anasema lile shimo la shaba litakuja kutuchukua. Leo nimeliona. Limezungushiwa miiba, na mbuzi anakula majani ukingoni. Nimecheka. Lakini nimepita mbali.

Ouma amenisalimia akiwa nyuma ya mlango. Nimeona gambuti zake, viatu vya mpira, chini ya ubao wa mlango. Safi. Ameziosha kwa ajili yangu.

Jumatano, tarehe 17 Aprili

Sikulala. Kazi ya Ouma ni kusukuma wilbaro, kitoroli cha gurudumu moja. Anachukua mchanga wa machimbo ya zamani, anapelekea watu wanaoosha dhahabu kwa karai. Udongo ukimwangukia je? Mtoto akianza kutambaa, na mashimo haya? Nimemwambia Penina yote. Amesema, "Mama Kemunto, mtoto hata hajazaliwa, wewe umeshamzika!" Ni kweli. Mimi ni mwoga.

Jioni nimeteleza kwa kilima cha mchanga waliotupa wazungu. Kifundo cha mguu kimevimba kama kiazi. Penina amenikanda na maji ya chumvi. Nina hasira. Nimetoka kwetu Suneka kuja kumshika mtu mgongo, sasa ni mimi nashikwa.

Alhamisi, tarehe 18 Aprili

Nimekaa tu. Mvua. Kemunto amepiga simu, anasema tumbo limekaza, halafu anasema hapana. Naogopa. Tumeomba, Penina kwa Kijaluo, mimi kwa Kigusii. Yeye anasema Nyasaye, mimi nasema Nyasae. Mungu hapo hawezi kuchanganyikiwa.

Ijumaa, tarehe 19 Aprili

Wacha niandike yote.

Asubuhi nimesikia gambuti nje, chwa chwa kwa matope. Nimejifunika leso. Ouma ameongea na Penina mlangoni. Kemunto yuko zahanati tangu alfajiri. Analia, anasema hasukumi mpaka mama yake afike. Bodaboda zimekataa matope. Mguu wangu haukanyagi. Anibebe mgongoni? Mkwe? Heri nitambae.

Penina amepiga makofi. "Si kuna wilbaro!"

Wametandika gunia. Nimekalishwa natazama mbele, leso imeshuka hadi machoni. Ouma nyuma. Simwoni, haoni uso wangu, hanigusi. Nimejiuliza kama ni dhambi. Tayari tunaenda.

Tumepita katikati ya machimbo. Watu wa dhahabu wameacha kazi, wamesimama kwa mvua kutuangalia.

"Ouma, leo umeokota kubwa!"

"Hiyo karai haitoshi!"

Penina anawatukana na yeye mwenyewe anacheka. Mimi nakufa kwa aibu.

Karibu na lile shimo la baba yangu gurudumu limeteleza. Nimeona miiba inakuja. Nimepiga nduru. Sauti nyuma yangu ikasema polepole, "Mama, shika pande zote mbili. Sikuachi."

Alikuwa hajawahi kuniambia neno zaidi ya salamu.

Nimejibu, "Sukuma, mwanangu." Sijui nimelitoa wapi hilo neno. Amesukuma.

Nimefika. Nimekaa kwa ndoo iliyopinduliwa, nimemshika Kemunto mgongo, naye akasukuma. Msichana! Amelia kushinda mvua juu ya mabati. Kwa Wajaluo, watu wa Ouma, msichana anayezaliwa mvua ikinyesha ni Akoth. Akoth basi. Nimeimba kwa sauti mpaka muuguzi amenitoa nje.

Nimempigia Baba Kemunto. Kusikia ya wilbaro amecheka mpaka akakohoa. "Wazee walikataza mengi," amesema, "lakini wilbaro hawakuitaja."

Nina furaha. Nina furaha hadi mguu hauumi.

Jumatano, tarehe 24 Aprili

Nimerudi. Upepo umeangusha migomba miwili. Nimekama, chai iko jikoni, nahesabu. Baba Kemunto mzima. Bosibori mzima. Nyakundi mzima, anakoroma. Ng'ombe mzima, na ndama. Kemunto mzima, maziwa yanatoka vizuri. Ouma mzima. Nimemweka hapo, kati ya watoto. Akoth mzima.

Akoth hafanani na sisi hata kidogo. Paji pana, masikio madogo, kishimo kidevuni. Nilimtazama siku zile zote bila kushusha macho. Basi sura ya mkwe sasa naijua.

Kitovu cha mtoto hakijaanguka. Kemunto, kikianguka nitumie neno haraka. Simu nimeweka hapa karibu na moto.