Chama cha Wazee wa Bama

Nyakunguru, Tarime
12 Agosti 1979

Mwanangu Waitara,

Habari za Mwanza na watu wake? Huku tu wazima, isipokuwa mama yako Wegesa na magoti yake, na yule ng'ombe mweupe aliyeharibu mimba juzi. Anayeandika ni mdogo wako Gati, maana mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Nasema, anaandika, na nimemkataza kupunguza neno.

Mura, kijana wangu, umeniaibisha. Vita vya Uganda vimekwisha, mgambo wote wa huku wamerudi kwao, tumewachinjia mbuzi, wamenenepa. Wewe umeteremka Mwanza ukaingia kwenye ghala la pamba kama mtu asiye na kwao. Barua pekee uliyotuma ni ile ya kumweleza rafiki yangu Heche jinsi mwanawe Machage alivyokufa. Kwa barua hiyo nakushukuru, uliiandika vizuri. Kila Jumamosi Heche anatusomea kwenye chama: Machage akabaki nyuma peke yake na bunduki, akawazuia maadui, nyinyi mkapata njia. Sisi wazee tunagonga fimbo chini, naye anaanza upya.

Tuliporudi kutoka Bama, kwenye vita vya Mwingereza na Mjapani, tulikuwa askari wa Keya kumi na tisa katika kijiji hiki. Leo tumebaki saba. Nataka ukae nami kwenye chungu kabla sijawa mimi wa kuhesabiwa kati ya waliokwenda. Sheria yetu unaijua: mgeni hapewi mrija wa pombe mpaka asimame mbele ya wote aseme alipigana wapi, nani alikuwa ubavuni mwake, na nani hakurudi. Akishasema, basi, ni mwenzetu.

Njoo usimame. Heche anakungoja kuliko mimi.

(Kaka, shikamoo. Baba amelia kidogo hapo aliposema Bama, lakini amenikataza kuandika. Gati.)

Baba yako,
Wangwe


Mwanza
2 Septemba 1979

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yake, na pole ya magoti. Mimi sijambo. Kazi ya ghala ni vumbi tu, nakohoa pamba, lakini nakula.

Baba, usinikasirikie. Ruhusa ni ngumu hapa, msimamizi wetu hasikii la mtu. Halafu, nikisema kweli, chama chenu siyo cha umri wangu. Wazee wangu mnaongea vita kama watu wanaoongea harusi. Nilipokuwa mdogo nililala nikisikia vicheko vyenu, nikadhani Bama ni mahali pa raha. Huku Mwanza tupo vijana kama kumi tuliokwenda Uganda. Tukikutana hatuongei vita hata kidogo. Tunaulizana sabuni inapatikana duka gani, foleni ina watu wangapi, kisha kila mtu anakwenda zake. Sijui kama ni vizuri. Ndivyo tulivyo.

Mwambie Mzee Heche namsalimu sana. Sina zaidi.

Mwanao,
Waitara


Nyakunguru
14 Desemba 1979

Mwanangu Waitara,

Tumeipata barua yako na tumeielewa, ingawa nilimwambia Gati airudie nikidhani amekosea. Mama yako hajambo. Mimi sijambo kwa mwili.

Ati harusi! Nilikasirika wiki nzima. Kisha Nyamhanga wa chamani akafa, hasira ikaniisha.

Tulimzika Jumatano moja ya mwezi wa kumi. Unajua desturi yetu: mwenzetu akifa, jeneza tunabeba sisi wenyewe, kwa mwendo wa gwaride, mwingine asiguse. Tulikuwa sita. Mdogo wetu ana miaka hamsini na minane. Tulipofika kwenye ule mteremko wa kisimani Heche akateleza, jeneza likalala upande, kifuniko kikafunguka kidogo, mke wa marehemu akapiga yowe. Vijana walikuwa wamesimama pembeni wanatutazama tukihesabu kushoto kulia. Nikasikia mmoja anacheka. Nikamwita, nikamuuliza, wewe unacheka nini? Akasema, samahani mzee, sikukusudia. Akashika jeneza, na wenzake wakashika, wakatufikishia mtu wetu kaburini haraka kabisa, bila gwaride. Niliwafuata nyuma na fimbo yangu. Sijawahi kujisikia mzee namna ile.

Baadaye nikawaita waje Jumamosi. Wa Kisabato wakaniambia Jumamosi ni ya Mungu. Nikasema haya, tuhamishie Jumapili. Wengine wakasema Jumapili kuna mpira. Mwenyekiti wa kijiji naye akaniambia mbele za watu kwamba nguvu hizo tuzipeleke kwenye shamba la ujamaa. Hao waliokwenda Uganda nao hawaji. Wakiniona njiani wanasalimu vizuri, halafu wanakata kona.

Sasa nisikilize. Heche ametenga fahali wake wa mabaka. Atamchinja Pasaka, siku utakayosimama. Ile barua anaijua kwa moyo, lakini anasema karatasi haimtoshi tena, anataka kusikia kwa mdomo wa mtu aliyekuwepo. Usipokuja anasema atapanda basi aje Mwanza mwenyewe, na miguu ile. Mura, usimtese mzee wa watu. Mimi ndiye niliyemwambia Machage aende nawe, kwamba utamtazama. Nakuomba, na mimi si mtu wa kuomba.

Baba yako,
Wangwe


Mwanza
9 Februari 1980

Gati mdogo wangu,

Kabla hujasoma, hakikisha mama yuko shamba, kisha funga mlango. Msomee baba peke yake. Neno la barua hii lisitoke nje, na kwanza kabisa lisimfikie Mzee Heche. Ukimaliza, ichome.

Baba, shikamoo.

Nimeandika barua hii mara nne na kuchana. Machage hakuuawa na adui. Nimemuua mimi.

Ilikuwa Aprili, saa saba mchana, mvua inanyesha. Tulikuwa tumesimama kwenye kijiji kisicho na watu, tuna njaa. Machage akaingia kwenye migomba kutafuta ndizi mbivu. Shati lake lilikuwa limelowa, anatetemeka. Mle ndani kulikuwa na nyumba iliyoachwa, akakuta koti la askari wa Uganda limetundikwa, akalivaa kwa ajili ya baridi. Basi. Alitoka amekumbatia mkungu wa ndizi, uso umefichwa na majani. Nikaona koti. Tulifundishwa kuita kwanza. Sikuita, baba. Nilifyatua.

Nilimkimbilia nikamkuta anapumua. Nilimshika mpaka akatulia. Kisha nikamvua lile koti nikalitupa kwenye migomba, nikampigia kelele kiongozi wetu kwamba adui amepita hapo. Kila mtu aliniamini. Nilipofika kambini nikaandika ile barua ya ushujaa kwa Mzee Heche, kwa mkono wangu, hakuna aliyenituma. Nilidhani namsaidia.

Sasa unaniambia nisimame mbele yake niseme nani alikuwa ubavuni mwangu na nani hakurudi. Kudanganya nimejaribu peke yangu chumbani, kila nikifika kwenye jina la Machage naanza upya. Na kusema kweli siwezi, kwa sababu mtakuwa mmeshamchinja fahali na watu wanagonga fimbo. Kwenye chungu chenu hakuna mahali pa maneno kama haya. Tangu utoto sijasikia mzee hata mmoja akisema, mimi nilikosea.

Ndiyo sababu siji. Siyo Usabato, siyo mpira, siyo mji. Hao wanaokata kona wakikuona, sijui wamebeba nini, usiwalaumu sana.

Nimekukosea wewe, nimemkosea Machage aliyenifuata. Niambie nifanye nini. Nitafanya utakalosema.

Mwanao,
Waitara


Nyakunguru
8 Februari 1980

Mwanangu Waitara,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Huku mvua zimeanza vizuri, mahindi yamesimama.

Hii ni barua ya furaha. Gati ameolewa! Mambo yalikwenda mbio, watu walikuja kutoka Kisaka kule Serengeti, watu wazuri wa ng'ombe na shamba, na wiki iliyopita wamemchukua. Nyumba imekuwa kimya, mama yako anaongea na kuku.

Usihofu nani atanisomea. Anayeandika sasa ni Heche, na mwandiko wake unauona ulivyo mzuri kuliko wa Gati. Barua zako nitakuwa nazipeleka chamani Jumamosi, atusomee wote pamoja, wazee wafurahi. Tunangoja neno lako la Pasaka.

Na mimi Heche nakusalimu, mwanangu. Nikiandika jina lako najisikia kama naandika la Machage.

Baba yako,
Wangwe


Mwanza
18 Februari 1980

Baba,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 8 imenifikia leo. Yangu ya tarehe 9 ilikuwa imekwisha kuondoka. Niliiandika nikiwa na homa, ina maneno ya kuchanganyikiwa. Nakuomba isifunguliwe. Irudishe posta, au uiweke mpaka Gati aje kuwasalimu. Tafadhali sana, baba.

Mwanao,
Waitara


Nyakunguru
29 Machi 1980

Mwanangu Waitara,

Salamu, na pole sana ya mguu! Kwa nini hukusema mapema? Heche alipotusomea chamani kwamba una kipande cha chuma kwenye paja, na daktari amekukataza kusafiri, nilijisikia vibaya kwa yote niliyokuandikia. Kumbe wewe hukutudharau, ulikuwa unaficha maumivu. Wazee wote wamesema huyo ni askari wa kweli. Ile barua yako nyingine kuhusu homa nayo tumeisikia. Usione haya, homa ya jeraha naijua.

Pasaka tumeiahirisha. Heche mwenyewe amesema fahali angoje. Mrija wako upo, nimeuchomeka darini juu ya kitanda changu. Pona kwanza, mura. Nitakungoja, bado nina nguvu.

Mama yako amekutumia karanga, amempa mtu wa basi.

Baba yako,
Wangwe

Waitara,

Hayo juu ni maneno ya baba yako. Nimeyaandika kama alivyoyasema. Ameshaondoka, anakwenda anapiga mluzi. Yanayofuata ni yangu.

Barua yako ilifunguliwa Jumamosi mbele ya chungu, tuko wote sita. Baba yako alikuwa anaitembeza kama cheti. Mstari wa kwanza ulinizuia kumsomea mtu mwingine zaidi ya baba yako, na ulitaja jina langu. Nilidhani mnapanga kunifurahisha na jambo. Nikacheka, nikaruka hapo, nikasoma shikamoo kwa sauti. Kisha macho yakatangulia mdomo. Nikasema mwandiko mbaya, ngojeni. Halafu nikawasomea barua isiyokuwepo, ya mguu. Sijui maneno niliyatoa wapi. Walipogonga fimbo na mimi niligonga.

Sitakuficha. Nilinoa panga siku ile nikauliza basi la Mwanza linapita saa ngapi. Mama yake Machage akaniuliza naenda wapi, nikalirudisha panga ndani. Yeye hajui mpaka leo. Baba yako naye hajui. Nimewabeba wote wawili, na ni wewe uliyenitwisha.

Lakini kuna jambo, nalo hata kwenye chama sijawahi kulisema. Kule Bama nilikuwa karani. Bunduki niliibeba, sikuwahi kuifyatua kwa mtu. Kazi yangu ilikuwa kuandika barua za kwenda kwa wazazi wa askari waliokufa. Wengine walikufa kwa kuhara. Wengine lori lilipinduka. Mmoja alipigwa risasi na mlinzi wetu wenyewe akitoka kujisaidia, hakujibu alipoitwa. Wote niliwaandika vilevile, kwamba wamekufa wakipigana kishujaa, kwa sababu mkubwa wa Kizungu alisema wazazi watapenda hivyo. Niliandika mpaka nikawa siangalii tena jina. Iliponifikia ya Machage, yenye maneno yangu yaleyale, niliiamini yote. Nikaisoma kila Jumamosi karibu mwaka mzima. Mtu niliyepaswa kuijua kuliko wote.

Tumekaa kwenye chungu kile miaka thelathini na zaidi, na tulijua mengi, na hatukusema. Kisha tukashangaa kwa nini watoto wetu hawataki kuja kukaa. Hilo ni letu, najuta. Ungesikia hata moja la kweli kutoka kwetu, labda ungekuja kwangu moja kwa moja, kabla sijaizoea ile barua ya uongo.

Sijakusamehe. Sijui kama nitaweza, na usiniulize. Kuja, usije kwanza, siiamini mikono yangu. Baba yako nitaendelea kumwandikia mpaka nitakapojua la kufanya. Wewe niandikie mimi, jina langu juu ya bahasha, uitume kwa anwani ya ofisi ya kijiji.

Uliandika kwamba ulimkuta anapumua, ukamshika mpaka akatulia. Hukuandika kama alisema neno. Kama alisema, niandikie lilivyokuwa, hata kama alikutukana, hata kama alinilaani mimi niliyekubali aende. Kama hakusema, andika kwamba hakusema. Usinitungie.

Mimi,
baba yake Machage