Kliniki Iliyokuwa Sebuleni Kwangu

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Juu ya duka la viatu.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Na mgongo wako umepona, au bado unakalia kile kiti cha plastiki ukijidai kijana? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako anakohoa kidogo, lakini anakula kama asiyekohoa, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Uliniuliza kujiajiri kunaendaje tangu niache gazeti. Kunanitia kinyaa. Miaka yote ile niliwaandama waongo kila wiki, kisha nikajifunza kutengeneza tovuti na mvi zangu kichwani, nikidhani nimehamia kwenye kazi safi. Wahenga wanasema mtu huruka majivu akakanyaga moto. Nilichokanyaga mimi si moto; moto una usafi wake.

Mteja haji kwa mtu asiye na kazi za kuonyesha, na kazi za kuonyesha hazipatikani bila mteja. Nilipokulilia wewe uliyenitangulia kwenye kazi hii, ukaniambia, "Dada, tunga. Buni kampuni hewa, zitengenezee tovuti, ziweke kama mifano. Wote tunafanya hivyo, na hakuna anayechunguza." Nikakusikiliza, mimi niliyekuwa nikikufunga vifungo vya shati la shule. Nikabuni kliniki ya meno. Nikaipamba kwa picha ya daktari anayetabasamu, kiti cheupe, na maneno "Tunang'oa bila maumivu". Palipotakiwa anwani nikaandika ya hapa nyumbani, maana bila anwani ukurasa ulionekana uchi.

Juzi mlango ukagongwa. Shemeji yako akafungua, taulo begani. Nje alisimama mzee, shavu limevimba kama aliyeficha yai mdomoni, ameshikwa mkono na binti yake.

"Tumekuja kwa daktari wa meno," binti akasema. "Tumeona kwenye mtandao kwamba hapa hamuumizi."

Shemeji yako akanigeukia. "Daktari, mgonjwa wako huyu."

Sikucheka. Mzee alikuwa ameshaingia, ameketi kwenye kochi letu, na kabla sijasema neno akafungua mdomo anionyeshe jino. Akangoja hivyo hivyo, mdomo wazi, macho yakiniamini. Niliwahi kuwachambua kwa kalamu watu wanaowauzia wagonjwa matumaini. Sikuwahi kudhani nitakuwa na duka langu.

Nikawaambia ukweli. Binti hakunitukana, na heri angenitukana. Aliuliza tu, "Sasa mama, uliiweka ya nini?"

Nikawapeleka mwenyewe hospitali ya serikali, tukapanga foleni, mzee akang'olewa jino. Daktari alisema usaha ulishaanza kuteremkia shingoni. Na unajua kilichonichefua zaidi? Asubuhi ile walikuwa wamepita mbele ya hospitali hiyo hiyo, wakaiacha, kwa sababu mzee aliogopa maumivu na mimi nilikuwa nimemwahidi kwamba hakuna.

Kliniki nimeifuta. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye kochi langu. Ukurasa wangu sasa una sentensi moja: "Bado sijamfanyia mtu yeyote kazi, ya kwanza inaweza kuwa yako." Shemeji yako anasema tutakufa njaa. Huenda. Lakini amekubali kufa nami, na anaendelea kula.

Sasa nije kwako. Kwenye mifano yako ipo hospitali ya macho, na chini yake namba ya simu. Najua umeitunga namba, kwa kuwa hospitali yenyewe umeitunga. Jana niliipiga, nikitumaini haitaita. Ikaita. Akapokea mwanamke mwenye sauti iliyochoka, mtoto analia nyuma yake. Sijamaliza salamu akasema, "Siyo hospitali hapa, dada. Na wewe unaumwa macho?"

Na wewe, alisema.

Weka barua hii chini, ukaifute hospitali yako. Kisha mpigie mama yule umwombe radhi, kwa jina lako halisi. Ukirudi kwenye barua, ndipo unisalimie wifi, na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao, hasa yule mdogo mbishi aliyenirithi mdomo.

Mungu ayatunze macho ya wote nyumbani mwako, na akufungue yako kwanza.

Akupendaye hata akiwa na hasira hizi,
Dada yako.