Saini Mbili za Paa la Makumbusho

Majengo, Mpanda
14 Agosti 1996

Shemeji Révérien,

Salamu zikufikie hapo Katumba, wewe na dada yangu Tereza na wapwa zangu Isidori na Marsela. Afya zenu zikoje? Kile kikohozi cha Tereza kimeisha? Mimi mzima, isipokuwa goti, na goti langu unalijua.

Barua ya wafadhili imefika. Wamekubali! Majengo yote mawili ya mgodi wa zamani niliyoyafanya makumbusho, ghala na ile ofisi wachimbaji walipokuwa wanapokelea mishahara, yatatengenezwa. Paa jipya, nyufa zizibwe, makabati ya vioo, hata choo cha wageni. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio akidhani nimefiwa.

Halafu nikaisoma mara ya pili. Shemeji, barua ina kurasa nne na ngoma yako imetajwa mara sita. Mizinga ya nyuki ya marehemu baba, majembe ya Wakonongo, vyungu, taa za wachimbaji, vitu nilivyovikusanya kwa miguu yangu tangu 1979 nikiwa bado mwalimu, vyote vimeandikwa "na vitu vingine". Vitu vingine! Wewe umeniazima ngoma moja tu, mwaka jana, yule mama aliyetumwa na wafadhili akaigusa akatokwa na machozi. Mimi nimefagia mavi ya popo miaka kumi na saba, hakuna aliyenililia.

Sasa wanataka ile ofisi iwe chumba cha vitu vya Katumba. Na wanataka saini mbili, yangu na yako, mbele yao, hapa hapa makumbusho, Ijumaa tarehe 20 Septemba. Ikikosekana moja, fedha zinapelekwa mkoa mwingine. Na ghala halimalizi masika nyingine, ukuta wa nyuma umeshaanza kuinama.

Sijui nifurahi au ninune. Nadhani nafanya yote mawili.

Shemeji yako,
Maximilian


Katumba
22 Agosti 1996

Shemeji wangu,

Amani iwe kwako na kwa goti lako. Huku tu wazima. Kikohozi cha Tereza kimekwisha, amerudi kunigombeza kwa sauti yake ya kawaida.

Hongera, mzee! Nakuona ulivyonuna, shavu limevimba kama siku ya harusi yetu. Acha wivu. Ngoma iweke hata nyuma ya mlango, haitalia. Mimi ni seremala, nipe mbao za paa nikupigie misumari, hayo mengine ni yako.

Ila sikufichi, huku watu wamefurahi sana. Wameunda kamati wakanichagua mwenyekiti. Wazee wanaleta vitu kila siku, vikapu, vibuyu, mkuki mmoja hauna ncha. Tereza anasema nikileta kingine atahama yeye.

Jambo moja. Unajua sisi wakimbizi hatutoki makazi bila kibali, na kibali kinataka barua ya mwaliko kutoka kwa mwenyeji wa mjini. Iandike mapema, ifike ofisi ya makazi kabla ya tarehe 13. Mpe dereva wa lori la tumbaku, anapita Jumatatu na Alhamisi. Ingekuwa rahisi wewe uje huku na wageni wako, lakini tangu nimuoe dada yako miaka kumi na mitatu hujakanyaga kwangu. Najua, najua, kaka wa mke hafuati, hufuatwa. Basi nitafuata.

Shemeji yako,
Révérien


Majengo
4 Septemba 1996

Shemeji Mwenyekiti,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi nipo, chakula tu hakipiti.

Mwenyekiti! Mimi niliyeanzisha makumbusho haya sina cheo. Kwa wafadhili mimi ni "mtunzaji", yaani mzee mwenye funguo. Jana walikuja watoto wa shule thelathini na wawili. Nikaanza kueleza jinsi baba alivyokuwa akipanda mti na mzinga begani. Mmoja akanikatiza, "Mwalimu, ngoma ya Warundi iko wapi?" Wakahamia wote kwenye ngoma. Nikabaki nimeukumbatia mzinga kama mtu anayetafuta mnunuzi.

Najua hukuomba. Lakini wewe ni shemeji, nakwambia ukweli: nakuonea wivu. Nyie mliletewa mahema, mkaletewa mbegu, mkachimbiwa visima. Kila anayeshuka kwenye treni na begi zuri anaulizia Katumba. Sasa na makumbusho yangu pia?

Barua ya mwaliko nitaituma.

Maximilian


Katumba
12 Septemba 1996

Shemeji,

Salamu kwa kifupi, dereva anapiga honi.

Mahema hayo niliyalalia nikiwa na miaka kumi na minne, usiyatamani. Barua haijafika. Nimeulizia Jumatatu, nimeulizia leo, mpaka karani ananionea huruma. Kesho ndiyo mwisho, ila amesema hata ikija Jumatatu atanisaidia. Mistari miwili inatosha, shemeji. Shati nimeshalipiga pasi.

Révérien


Majengo
25 Septemba 1996

Shemeji,

Natumaini nyote hamjambo.

Basi ndiyo hivyo. Mama wa wafadhili alifika saa nne, akangoja mpaka saa tisa. Akauliza, "Shemeji yako yuko wapi?" Nikamwambia labda amebadili mawazo. Akafunga faili lake, akaondoka na treni ya kurudi Tabora.

Barua ya mwaliko niliituma, itakuwa imepotea njiani. Mambo ya malori unayajua. Usisikitike sana. Ngoma yako ipo salama.

Shemeji yako,
Maximilian


Katumba
3 Oktoba 1996

Maximilian,

Hatujambo.

Dereva nimemuuliza. Hukumpa barua yoyote.

Tarehe 20 nilikuja. Bila kibali, kwa baiskeli, kwa njia ya porini, shati limefungwa kwenye mfuko lisichafuke. Nikashikwa Ilembo, nimebakiza mwendo mfupi tu kufika kwako. Askari hawakunionea, walifuata sheria yao. Nilikaa ndani siku tatu. Tereza alinifuata mjini akawa ananiletea chakula, na kila siku alipita mbele ya mlango wako. Hakubisha hodi.

Unasema unanionea wivu. Haya, sikia na wangu. Ngoma ile si ya mababu. Niliichonga mwenyewe mwaka 1981, kwa mti wa hapa hapa Katumba. Mama yule alipoililia akidhani ni ya kale, nilinyamaza. Vya babu yangu vilibaki huko kwetu tulikokimbia, mimi nilivuka mpaka na nguo ya mwilini. Kila nilipokuja kwako ukanionyesha mzinga wa baba yako, jembe la baba yako, hata kofia ya baba yako iliyotoboka, nilikuchukia kidogo. Nikirudi nyumbani namgombeza dada yako bila sababu, naye hajui kosa lake.

Nilikuazima ngoma ili na mimi niwe na kitu ndani ya nyumba hiyo. Wewe ukaona hata hicho kimoja ni kingi.

Révérien


Majengo
16 Oktoba 1996

Shemeji, kama bado naruhusiwa kukuita hivyo,

Mnaendeleaje? Safari hii nauliza kweli.

Sikuituma. Niliiandika tarehe 5 Septemba, nikaiweka ndani ya daftari la wageni. Kila siku nilifungua, nikaisoma, nikalifunga daftari. Nilitaka ile ofisi ibaki yangu. Nilitaka watoto waniulize mimi habari za baba. Ni wivu, sina jina lingine la kuupaka rangi. Na kule kukaa kwako ndani siku tatu, mimi ndiye niliyekuweka.

Wiki iliyopita nimepanda treni mpaka Tabora, nikamweleza mama wa wafadhili yote mbele ya wenzake. Alinitazama kama mwanafunzi aliyeiba chaki. Habari ya ngoma sikuigusa, hiyo ni yako kusema. Akaniambia fedha bado hawajazihamisha. Jumatatu tarehe 28 anaondoka nchini, lakini Jumamosi tarehe 26 atafika Katumba kwa shughuli zake nyingine. Nikija huko tukasaini wote wawili mbele yake, yamekwisha.

Nikaenda kuulizia usafiri. Shemeji, nilicheka peke yangu kama mwehu. Kumbe hata sisi wa mjini hatuingii Katumba bila kibali! Miaka kumi na mitatu sikujua, kwa sababu sijawahi kuja. Na kibali changu kinataka barua ya mwaliko ya mwenyeji. Mwenyeji ni wewe.

Niandikie. Mistari miwili inatosha.

Maximilian


Majengo
22 Oktoba 1996

Shemeji,

Natumaini hamjambo. Jana nilisimama barabarani tangu saa moja asubuhi. Lori likapita, dereva akatikisa kichwa. Hii namtuma Selestine, kijana wa duka la baiskeli, ailete mwenyewe mpaka kwenye kizuizi cha kuingilia Katumba.

Najua ninachostahili. Lakini usinifanyie mimi, lifanyie ghala. Mvua ya kwanza imenyesha Jumapili na ukuta wa nyuma umedondosha matofali. Nimevihamishia vitu vyote ofisini, vyako na vyangu, vimebanana humo. Lori linapita tena Alhamisi. Baada ya hapo hakuna lingine kabla ya Jumamosi.

Maximilian


Katumba
24 Oktoba 1996

Shemeji Maximilian,

Amani kwako. Tu wazima.

Barua yako niliipata tarehe 17. Ya mwaliko niliiandika siku ile ile, na Ijumaa karani akagonga muhuri kwenye kibali chako. Jumatatu nilikuwepo lori lilipofika, bahasha mfukoni. Dereva akaniuliza, "Kuna cha kupeleka mjini?" Nikamwambia hakuna. Nikalitazama likiondoka, na nilisikia raha, shemeji, raha ambayo sijaisikia siku nyingi. Nilikuona akilini umesimama pale barabarani. Nikasema moyoni, na wewe ngoja.

Raha yenyewe haikufika saa ya chakula. Tangu hapo nimekuwa nikiitoa bahasha mfukoni, naitazama, nairudisha. Kwa hiyo lile daftari lako la wageni, nimelielewa.

Kibali kimo humu. Ni cha siku moja, usikisahau. Habari ya ngoma nitamwambia mama yule kwa mdomo wangu kabla ya kushika kalamu. Akitunyima, atatunyima wote wawili.

Tereza hajakusamehe, na ameniagiza niandike hivyo hivyo. Halafu akanituma kwa jirani nikaazime kiti cha kukukalisha.

Shemeji yako,
Révérien