Kapitali ya Wifi Lyse

Umbilo, Durban,
Afrika Kusini.
14 Septemba 2025

Mpendwa Yaya Immaculée,

Bwana asifiwe, yaya, dada yangu mkubwa. Nakusalimu kwa mikono miwili, nikiomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako na si kitandani. Presha imetulia? Dawa unazimeza kila siku, au siku ukizikumbuka? Na Mama anakula? Niambie ukweli, usinipambie kama mnavyonipambia kwenye simu.

Sisi huku tuko wazima kwa neema. Baridi imeanza kutuachia, ila upepo wa baharini unaingia mpaka ndani ya blanketi. Shemeji yako Doudou bado analinda magari kule Bluff, kikohozi kimemtoka. Saluni inakwenda, namshukuru Mungu.

Utajiuliza kwa nini ninaandika na simu iko. Yaya, simu yako unaiweka spika, nyumba nzima inasikia, na jirani anaitikia kutoka uani. Haya ni ya macho yako peke yako. Mchungaji Vénérand anasafiri kuja huko, ndiye nimempa bahasha, na gundi nimepaka mara mbili.

Habari yenyewe ni Lyse, mke wa mdogo wetu Barthélemy. Anaomba uraia.

Unakumbuka walivyokuja. Mimi nilishafika nchi hii zamani, kwa basi na kwa miguu, nikapewa karatasi ya ukimbizi ninayoifanya upya mpaka leo. Wao wakaja kwa ndege, na karatasi za wawekezaji, wakafungua kile kiwanda cha kushona yunifomu za shule kule Pinetown. Kiwanda kiko kwa jina la Lyse, maana pesa ilitoka kwa baba yake Bujumbura. Sasa muda wake umetimia na ameitwa kuhojiwa. Anatakiwa aoneshe kwamba anajua nchi inaongozwaje, haki za raia ni zipi, wajibu wake ni upi, na aweze kujieleza kwa Kiingereza.

Basi mchungaji akatangaza mfungo kwa ajili ya Lyse. Kanisa zima, yaya. Mimi karatasi yangu ikikaribia kuisha ninafunga peke yangu, hata Doudou anakula mbele yangu. Lakini niliitika amina, tena kwa sauti.

Haikuishia hapo. Siku moja gari lake likasimama mbele ya saluni, wateja wote wakageuka, mmoja kichwa kikiwa nusu kimesukwa. Lyse amesoma, Kifaransa chake ni maji, ila Kiingereza kinamkaba. Changu mimi nimekiokota kwenye vichwa vya watu, kimechanganyika na Kizulu, lakini kinatembea. Akaniambia niwe ninamuuliza maswali kama vile mimi ndiye afisa, maana kwangu hatasikia haya akikosea. Ningesemaje? Ni wifi yangu. Nikakubali, na moyo wangu ukakataa.

Na anashika haraka, eish. Bunge, mahakama, mikoa tisa, haki ya kupiga kura, wajibu wa kutii sheria, yote anayamwaga kama mtoto anayesema mistari ya Krismasi. Mimi ningehitaji mwaka. Mungu anisamehe, nilikaa pale na vitabu vyake mapajani nikatamani ajikwae hata mara moja.

Akajikwaa Alhamisi. Unajua sisi tukisema kapitali tunamaanisha pesa ya kuanzia biashara. Kwa Kiingereza neno ni hilo hilo, lakini ndilo pia mji mkuu. Na nchi hii miji mikuu iko mitatu: Pretoria, Cape Town na Bloemfontein. Nikamuuliza kwa Kiingereza kama lilivyoandikwa, kapitali za Afrika Kusini ziko wapi. Akanijibu bila kupepesa jicho kwamba nyingine iko benki na nyingine ameitia kwenye mashine.

Simlaumu. Tangu aingie nchi hii maofisa wanamuuliza hilo tu: kapitali yako imetoka wapi, kapitali yako iko wapi. Sikio lake limezoea.

Nami nilijua kosa, yaya. Nikamwambia, sawa, tuendelee.

Nikarudi nyumbani nimetulia kama mtu aliyeshiba. Nilijiambia sikumdanganya, nimenyamaza tu. Nilijiambia na aonje naye, mara moja, kusimama mbele ya meza ya mtu na jibu lake likataliwe. Alikuwa ahojiwe Jumanne.

Jumamosi akina mama wa maombi tukakutana nyumbani kwake kufungua mfungo. Wakanigeukia, wakasema Mama Deborah aongoze, si yeye ndiye anamfundisha. Nikapiga magoti. Nikaomba vizuri, nikamwombea afisa moyo wa huruma, nikaombea na gari lisiharibike njiani. Kisha mdomo wangu ukaanza, Bwana, mfungue masikio dada yetu, asikie kila swali kama linavyo... Sikuweza kumaliza. Akina mama wakadhani ni Roho, wakaanza kulia na kushukuru, mmoja akaniwekea mkono kichwani. Sijawahi kuona haya namna ile, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na Yeye.

Walipoondoka tukabaki jikoni, mimi ninaosha, Lyse anafuta sahani. Nikamwambia. Nilisema kwa haraka, bila kumtazama, kapitali wanayouliza si pesa zako, ni miji.

Akafuta ile sahani muda mrefu, na ilikuwa imeshakauka.

"Umejua tangu lini, wifi?"

"Tangu Alhamisi."

"Siku mbili si nyingi," akasema. "Mimi ningekuacha mpaka mlangoni kwa afisa."

Yaya, tulicheka. Sikutegemea. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza nina nini naye, kama ni kiwanda, kama ni gari. Nikamwambia kiwanda chake akae nacho. Na hapa ndipo ninataka usome polepole, kwa sababu na wewe umo.

Ni ile picha uliyonitumia Pasaka, Lyse amekaa nyuma ya Mama anamsuka. Uliandika chini yake, "Tazama binti wa Mama." Yaya, mimi ninasuka vichwa vya watu nisiowajua hapa barabara ya Umbilo toka asubuhi mpaka miguu inavimba. Kichwa kimoja ninachokitaka sikifikii. Nikikanyaga huko kwenu Uvira na hii karatasi ya ukimbizi, mlango wa huku unafungwa nyuma yangu, na watoto wangu wako ndani. Lyse anakwenda na kurudi. Ameshamshika Mama mara ngapi? Na mistari ilikuwa imepinda. Mlimwacha Mama aende kanisani na mistari imepinda, na wote mkasifu.

Nilimwambia Lyse hivyo hivyo, mpaka ile ya kupinda. Akachukua sahani nyingine, akaifuta.

Jumanne akaenda. Nilikuwa saluni, na nilishtuka kujikuta ninaogopa kweli kweli, ninamwombea bila kulazimishwa. Aliulizwa miji mikuu akaitaja yote mitatu. Kisha afisa akamuuliza kapitali ya kiwanda ni ya nani, naye, kwa jinsi nilivyomkazia, akaanza upya: Pretoria, Cape Town... Afisa akacheka mpaka akavua miwani, akamuuliza tena taratibu. Jibu rasmi bado tunangoja, ila aliagana naye vizuri.

Kutoka pale alikuja moja kwa moja kwangu, kabla hata ya kumpigia Barthélemy. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema Desemba anakuja huko kwenu. Akasema, "Nifundishe Mama anavyopenda."

Wivu ulinipanda upya, usifikiri umekufa. Lakini nikachukua kitana. Nimemfundisha asivute sana mbele, maana nywele za Mama zimepungua. Nimemfundisha aanze katikati, apake mafuta kwanza, aimbe kidogo ili Mama asilale. Vidole vyake ni vigumu ila vinatii. Atamsuka vizuri, utaona mwenyewe.

Mstari mmoja tu sikumfundisha, ule unaopita nyuma ya sikio la kushoto, kwenye kovu, ambao Mama hataki uguswe ila na mtu anayejua. Akiuliza, mwambie auache wazi. Huo ni wangu.

Nisalimie Mama, umbusu kwa niaba yangu. Nisalimie Cathy na mtoto mchanga, na Mzee Gosbert na goti lake. Doudou anakupa mkono. Bwana awafunike nyote, awape mvua kwa kipimo na usingizi bila hofu, na anifunike na mimi mwenye moyo huu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na wivu wangu wote,

Deborah