Ujumbe wa Joto Uliomsubiri Meneja

Mjukuu wangu Saidi,

Mwanangu Zuhura katumbukiza rimoti kwenye uji sasa hivi, halafu ananitazama kama mimi ndiye mkosaji. Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Najua unacheka kumwamkia mtu mnayelingana umri, lakini babu yako ni kaka yangu, vumilia. Hapa Masasi hatujambo, korosho zimeanza kudondoka.

Umeuliza kama ujumbe wa seva kupata joto uutume kwa wakubwa wote kazini kwako. Jamani, Saidi, usifanye hivyo. Kabla sijaolewa nilikuwa nafagia ofisi ya ghala la korosho. Ijumaa moja mchana seva ya mizani, ile kompyuta inayoendesha mizani yote, ikatuma ujumbe kwenye kundi letu la simu: feni imesimama, joto linapanda. Wote tukasoma. Meneja yuko msikitini, simu kaizima. Karani mwenye ufunguo wa chumba cha seva kakaa tu, ananiambia:

"Dada, mimi nani nimtangulie Mzee? Tumngoje aseme."

Ujumbe ukaja tena na tena, mpaka seva ikaungua. Wakulima wa Nanganga wakalala juu ya magunia yao, hayajapimwa. Nikikumbuka nakereka mpaka leo.

Chagua mtu mmoja, mwenye ufunguo. Mwambie mbele ya wakubwa wote kwamba ujumbe ukiingia asingoje ruhusa, ainuke tu, na wao wasije wakamwona hana adabu, maana hapo ndipo karani wetu alipokwama. Mama mkwe ananiita, ngoja niitike.