Mlango Unaofungwa Saa Tano

Jumatatu, 3 Hidar

Siku ya kwanza bila Daktari Meheret. Shali yake bado iko mgongoni mwa kiti. Sikuiondoa.

Aliondoka Jumamosi kwenda Addis kwa dada yake. Amri ya daktari wake: alale tu mpaka mtoto azaliwe, mwezi hivi umebaki. Sisi huku kliniki ya Jimma tutapiga picha za eksirei, zitaingia kwenye seva, kompyuta ya kutunzia picha iliyo stoo, na yeye atazifungua akiwa kitandani, asome, aandike ripoti. Mgonjwa aondoke na jibu lake siku hiyohiyo kama zamani. Ndiyo mpango.

Eyob fundi alikuja mapema na ruta mpya, kisanduku cha kugawa intaneti. Nilimwomba anieleze mpaka nielewe, na hakuchoka. Alisema ruta ni bawabu. Mtu wa ndani akitoka, anamwacha apite. Mtu wa nje akija, anamfukuza. Kwa hiyo lazima umwambie: anayebisha mlango wenye namba hii, usimfukuze, mpeleke kwa seva. Basi. Akauliza, “Mnafungua saa ngapi, mnafunga saa ngapi?” Nikamwambia saa mbili hadi saa kumi na moja. Akasema vizuri, mlango uwe wazi saa za kazi tu, usiku wezi wa mtandaoni wabishe mpaka wachoke. Kijana mwangalifu.

Na ikafanya kazi! Daktari alipiga simu anacheka. “Obse, naona mbavu za watu kutoka kwenye mto wangu!” Alisoma picha tatu. Halafu umeme ukakatika, karibu saa tano. Uliporudi, mlango ulikuwa umekufa. Mchana wote hakuna kitu.

Jioni Bwana Tolesa, mkuu wa kliniki, aliniita. Alisema polepole, hakugomba. Anamheshimu Meheret kuliko ndugu zake wa damu, lakini mgonjwa hawezi kungojea ruta. Kuna wasomaji wa picha huko Addis, kampuni, wanachukua diski kwa basi. Wanataka mkataba wa mwaka mzima na kazi yote. Atasubiri mpaka Ijumaa. Picha zikifika kwa Meheret kutwa nzima, sawa. Zisipofika, anatia sahihi.

Akitia sahihi, Daktari atarudi na mtoto mgongoni na hana kazi.

Mwaka juzi alisoma picha ya baba yangu siku ya Jumapili, akiwa harusini, amevaa nguo ya harusi, amesimama nje ya hema na simu. Mimi nisahau?

Jumanne, 4 Hidar

Asubuhi bado kimya. Nilijaribu kupiga picha skrini kwa simu nikamtumia Daktari. Akajibu: “Huu ni ubavu au alama ya kidole chako?” Wagonjwa tumewaambia warudi kesho. Mmoja amelala kwa shemeji yake hapa mjini kwa ajili hiyo. Hakulalamika. Nilimshukuru mpaka akaona haya.

Eyob alifika saa nane, vumbi hadi kwenye nyusi. Ndani ya dakika chache akapiga paja. Umeme uliporudi jana, ruta iliigawia seva namba nyingine ya ndani. “Bawabu anampeleka mgeni kwenye chumba kisicho na mtu!” Akaifungia seva namba yake, sasa haibadiliki hata umeme ukatike mara kumi.

Nikafungua ile anwani ya nje kwenye kompyuta yangu. Ikafunguka! Nilipiga kelele. Eyob akanitazama kwa huruma.

“Dada Obse, usishangilie. Wewe uko ndani ya nyumba. Unabisha mlango wa sebuleni.”

Akatoka nje barabarani na simu yake, akaitoa kwenye intaneti ya ofisi, akajaribu. Hakuna. Akakagua ulinzi wa seva yenyewe — uko sawa. Tukapiga simu kwa watoa intaneti. Dada mmoja alitusikiliza, akakagua kwake, akarudi: kwao hakuna kizuizi chochote, anwani yetu ni yetu. Akasema pia, “Poleni, msikate tamaa.” Nani siku hizi anakuambia hivyo kwenye simu ya ofisi? Sikushika jina lake. Natamani ningelishika.

Nilimsomea Daktari kwa simu ukurasa mzima wa mipangilio ya ruta, mstari kwa mstari. Namba ya mlango, namba ya seva, saa za kazi. Kila mstari alisema, “Safi kabisa.” Basi kila kitu ni safi kabisa na hakuna kinachofanya kazi.

Eyob aliondoka saa kumi na moja akiwa amenyong'onyea. Hakutaka kuchukua hata nauli.

Jumatano, 5 Hidar

Mlango uko wazi! Hakuna aliyegusa kitu. Nimefika, nimefungua ofisi, simu inalia: “Mbona mmenificha kuwa imepona? Naona picha zote za jana!”

Mama Zeyneba, mwenye jiko letu la kahawa, aliinua mikono. “Alhamdulillahi. Sasa msiguse kitu. Hata vumbi lake sifuti.”

Ripoti zikashuka moja baada ya nyingine. Yule wa shemeji alipata yake: pafu safi. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Mimi nimefanya nini? Nimechapisha karatasi.

Halafu saa tano. Mama Zeyneba amemimina kikombe cha kwanza, bisi ziko mezani, moshi wa ubani umejaa ukumbini — simu. Daktari amekatika katikati ya picha.

Bwana Tolesa alitazama ruta ukutani. Akatazama jiko la umeme chini yake.

“Mama Zeyneba. Jiko lako linakula umeme wa ruta.”

“Jiko langu lina miaka sita hapa. Ruta yako imekuja juzi. Mgeni ni nani?”

“Jumatatu ilikatika ukipika kahawa. Leo pia.”

“Jumatatu umeme wa mji mzima ulikatika! Au mji mzima nao niliupikia mimi?”

Eyob alikuja, akacheka mpaka akashika ukuta. Leo amefunga, kama Waorthodoksi kila Jumatano, alikuwa hajala, akasema asichekeshwe, hana nguvu. Lakini hata yeye akasema si vibaya kujaribu kuliwasha kesho saa nyingine, majiko ya zamani huwa na fujo zake. Mama Zeyneba akamwambia kahawa ya Alhamisi asiihesabu.

Nilipokuwa nafunga ofisi, nilimkuta Mama Zeyneba anafuta jiko lile kwa kitambaa chenye maji, polepole, kama anamwosha mtoto. Nikakaa naye kidogo. Akaniambia kwa sauti ndogo, “Obse, ikiwa kweli ni mimi ninayemkosesha Meheret kazi, nitapikia kwa mkaa nyuma ya nyumba. Sema tu.” Nikamwambia sijui. Ni kweli, sijui.

Alhamisi, 6 Hidar

Asubuhi mlango wazi tena. Daktari anasoma haraka haraka, kama mtu anayeanua nguo na mvua inakuja.

Mama Zeyneba alipika kahawa saa tatu. Jiko lilelile, chini ya ruta, na akaliwasha hadi mwisho. Tumekunywa kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mlango haukutikisika. Akazima jiko, akachomoa waya, akaukunja akaushika mkononi. Akaketi kwenye kigoda chake akitazama saa.

Saa tano — mlango ukafa.

Alipiga kigelegele mpaka wagonjwa walisimama kwenye benchi! Wakadhani kuna harusi. “Tolesa! Njoo uone! Waya huu hapa mkononi mwangu!” Na Bwana Tolesa, lazima niseme, alikuja mwenyewe. Akainama mbele ya watu, akamshika bega. “Nimekosa, Mama. Nisamehe.” Akasema atakunywa vikombe vitatu kwa siku hadi Krismasi kama adhabu. Mama Zeyneba akasema hiyo si adhabu, ni tamaa. Nafanya kazi na watu wazuri. Nisiache kuliandika.

Lakini kicheko kilipoisha, ukweli ulibaki. Kesho ni Ijumaa.

Eyob na mimi tukakaa mbele ya ukurasa wa ruta. Si jiko. Si umeme. Si watoa intaneti. Kila siku wakati uleule. Nikasema kwa sauti, kitu kinachofanya jambo wakati uleule kila siku kina saa. Eyob akasema ruta ina saa. Iko wapi? Akanyoosha kidole kwenye kona ya juu, maandishi madogo: 11:20.

Nikageuka kutazama saa ya ukutani. Mshale mfupi kwenye tano, kama saa zote za mji huu. Saa tano na dakika ishirini.

Nikarudi kwenye ule mstari wa saa za kazi. Mlango wazi 2:00 hadi 11:00.

Mungu wangu.

Mstari huo nimeusoma mara mbili. Nimemsomea Daktari. Eyob ameukagua kila alipokuja. Kila mmoja wetu aliona saa mbili hadi saa kumi na moja, akaona ratiba yetu, akasema safi. Nani angeona kosa? Lakini ruta haikuzaliwa hapa. Inahesabu kuanzia usiku wa manane, kizungu. Ilikuwa inafungua mlango saa nane usiku, wakati fisi tu ndio wako macho, na kutufungia saa tano asubuhi, kwa utii kabisa. Tulivyoiambia!

Eyob alifunika uso kwa mikono. “Ruta za hoteli zote naandika kizungu. Hapa uliniambia mbili, nikaandika mbili. Kidole kimesikia sikio, kichwa hakikuulizwa.”

“Mimi ndiye niliyekutajia.”

“Basi tugawane aibu. Chukua nusu kubwa, wewe ni mkubwa kwangu.”

Akaandika 8:00 hadi 17:00. Akahifadhi. Simu ikalia kabla hajaondoa mkono. Daktari alikuwa analia na kucheka. Nilipomweleza alisema, “Na mimi! Miaka yote hospitalini naandika saa za dawa kizungu, na sikuona!” Akasoma hadi jioni. Saa kumi na moja kamili mlango ukafungwa, safari hii kwa haki.

Asante, Mungu. Asante, Eyob. Asante hata kwa jiko.

Ijumaa, 7 Hidar

Mchana. Naandika nikiwa na mkate wa injera mkononi. Saa tano imepita! Tulisimama wote chini ya ruta kama watu wanaongojea mwezi uandame. Ikapita. Tano na nusu. Sita. Daktari anasoma tu. Bwana Tolesa alienda ofisini kwake. Mkataba uko mezani kwake, niliuona, haujatiwa sahihi. Alisema kutwa nzima. Kutwa bado haijaisha.

Saa kumi na nusu. Sijui nianzie wapi.

Saa nane kulikuwa na mama mmoja kutoka Agaro, kikohozi cha muda mrefu. Nilikuwa stoo, naiona ripoti yake ikiandikwa kwenye seva. “Kifua: moyo una ukubwa wa kawaida. Pafu la kulia, upande wa juu” — ikasimama. Nikangoja. Nikatazama taa za ruta: zinawaka. Eyob akatoka nje na simu yake: mlango wazi kabisa. Nikapiga simu. Haipokelewi. Nikapiga tena. Akapokea dada yake, anahema. Uchungu umeanza. Wako kwenye gari, wanaelekea hospitali. Mapema, lakini si mapema mno, daktari wake kasema. Nyuma yake nilisikia sauti ya Daktari Meheret lakini sikushika anachosema.

Nilikwenda kwa Bwana Tolesa. Siku yenyewe. Saa yenyewe! Nikamwambia yote, na nikamwambia pafu la kulia limeishia hapo.

Aliinuka, akachukua koti. “Yule mama nampeleka mwenyewe kwa daktari wa hospitali ya hapa, na picha yake. Na wengine waliobaki leo. Hawezi kulala na nusu ya jibu.” Mlangoni akageuka. “Wale wa kampuni waliopanga kuja kutoka Addis kuchukua mkataba, wapigie. Waambie wasije leo.”

“Waje lini?”

“Nimekuambia waje?”

Akaondoka na yule mama, amembebea mkoba wake.

Mama Zeyneba yuko kwenye mkeka wake anaomba. Eyob angeweza kwenda nyumbani, hajaenda. Aliniuliza, mlango ufungwe saa kumi na moja kama kawaida? Nikamwambia aondoe saa ya kufunga, Daktari akute mlango wazi hata usiku, na neno la siri alibadilishe liwe refu kama sala ya Kwaresima. Hakubisha. Anaandika sasa hivi, nasikia vidole.

Ujumbe umeingia, namba ya dada yake Daktari:

“Bado hajajifungua. Tuko chumba cha kujifungulia. Anakuuliza ile sentensi ya pafu umeihifadhi, au ilipotea alipokatika? Mjibu haraka, amekataa kusukuma hadi ajue.”

Nakimbilia stoo.